Gemu la mji wa baada ya maangamizi likajaribiwe kwenye foleni ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Msomaji mmoja aliandika hapa kwamba vijana wanaotengeneza magemu ya kompyuta wanapoteza umeme na bando, na kwamba nchi yenye shida ya visima haina haja ya watu wa kuchora visima kwenye kioo. Mimi ni fundi wa pampu. Visima ndiyo kazi yangu, katika jumuiya ya watumiaji maji huku wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Nataka kumjibu kwa heshima zote, ila zaidi nawaandikia vijana wenyewe, kwa sababu kuna kitu wanakitafuta mbali wakati kiko hapa hapa kwetu, na hakiuzwi.

Mtoto wa kaka yangu na wenzake wawili wako Dar es Salaam, wanatengeneza gemu la kujenga mji. Dunia imeharibika. Hakuna serikali, hakuna umeme, mabomba yamekatika, mvua ni ya kubahatisha. Mchezaji anakabidhiwa watu wachache waliosalimika, mbegu kidogo za mtama na uwele, na eneo lenye mbuyu mmoja na korongo kavu. Kazi yake ni kuhakikisha hao watu hawafi, halafu wawe kijiji, halafu mji. Alipokuja likizo alikuja na laptopu yake, akaamkia, akala, kisha akaniambia: "Shangazi, cheza hili halafu unipe ukweli. Usinionee huruma."

Tulichezea ofisini kwa jumuiya, ndiko kwenye sola ya uhakika. Nikajenga kisima kama alivyonielekeza, mawe na miti, watu wakaanza kuchota. Wakachota mvua, wakachota kiangazi, mwaka wa pili, wa tatu. Nikamuuliza, "Baba, hiki kisima kinajazwa na nani?"

"Shangazi, hicho ni kisima. Kina maji tu."

Nikamwambia hakuna kisima chenye maji tu. Maji unayochota leo yana mwaka wake yalioingia ardhini. Visima vya Makutupora, vinavyonywesha jiji la Dodoma, vimevutwa kwa pampu tangu miaka ya 1950, na kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa na kuandikwa kwa zaidi ya nusu karne. Wanasayansi walipoipitia rekodi hiyo walikuta maji ya chini hayarudi kila msimu wa mvua, kama watu wengi wanavyodhani. Miaka mingi kina kinashuka taratibu. Halafu unakuja mwaka mmoja wa mvua kubwa sana, kama ile El Niño ya 1997 na 1998, ndipo bonde linajaa. Kwa hiyo mji unaweza kuishi miaka mingi kwa maji ya msimu mmoja, na watu wake wasijue kwamba wanakula akiba. Gemu la ukame lisilo na jambo hilo limeacha nje kiini chenyewe cha ukame.

Alinyamaza, akachukua daftari. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza.

Nilimpa namba. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 inataka mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka kaya iliyo mbali zaidi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwenye kambi za wakimbizi na maeneo ya majanga, viwango vya kimataifa vya Sphere huanzia lita 15 kwa mtu kwa siku, na foleni isipite dakika 30. Nikamwambia: mji wako umetoka kwenye maangamizi, basi uanzie kwenye lita 15. Ukifika 25, mchezaji ajue amevuka kutoka kambi kwenda kijiji. Hakuhitaji tena kubuni ngazi za maendeleo kichwani. Ngazi zimeshaandikwa, na zimeandikwa na watu waliozika watoto kwa kipindupindu.

Halafu foleni. Kwenye gemu, watu walifika kisimani, wakachota, wakaondoka, kila mtu kama yuko peke yake duniani. Huku kwetu kiangazi kikikaza, ndoo zinapangwa tangu saa kumi alfajiri. Aliyewahi anaacha ndoo yake kwenye mstari, anarudi kuwaandaa watoto kwenda shule. Asiye na ndoo ya pili anaweka jiwe, na kila mwenye jiwe analijua lake. Jiwe likisogezwa, ugomvi wa siku hiyo unaanzia hapo, na unaweza kuishia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sasa kwenye toleo jipya mstari upo. Ukiikaribia picha unaona ndoo za njano, za bluu, dumu lililokatwa mdomo, na mawe katikati. Mstari ukirefuka kupita kivuli cha mbuyu, watu wanachelewa shambani. Ukizidi kurefuka, mtu anasogeza jiwe la mwenzake, na mchezaji anaanza kupoteza amani ya mji kabla hajapoteza hata mtu mmoja kwa kiu. Nililiona hilo likitokea kwenye kioo, nikajua hawa watoto wamesikia.

Sikutaka gemu lijaribiwe na mimi peke yangu. Nilimwita mama lishe wa pale senta, naye akakaa na kompyuta kama anayekagua hesabu za mwenzake. Swali lake la kwanza: "Huu uwele nani kautwanga?" Watu wa kwenye gemu walikuwa wanavuna na kula palepale. Akawaeleza vijana kupura, kupepeta, kutwanga, kusaga, kuni za kusongea ugali, na nani anafanya hayo yote wakati huohuo mnamhesabu yuko shambani. Akauliza na mboga. Akasema kijiji chetu kikifika Oktoba hakina kitu kibichi, tunaishi kwa mlenda uliokaushwa wakati wa mvua, ukasagwa, ukawekwa. Mji usiokausha mlenda mwezi wa tatu hautakuwa na cha kuteremshia ugali mwezi wa kumi, hata kama ghala limejaa nafaka.

Mzee mmoja mfugaji alikuja kutazama tu. Akaona mifugo ya gemu yote iko kwenye zizi moja, akakataa kuondoka. Alisema mwenye akili haweki ng'ombe wake wote boma moja. Unampa rafiki wa mbali wachache awatunze, anakunywa maziwa yao, nawe ugonjwa au wezi wakipita kwako una pa kuanzia. Vijana waliandika. Katika dunia iliyovunjika, urafiki na kijiji cha pili una maana zaidi ya biashara, na mchezaji sasa anaweza kukopesha mifugo kwa makazi ya jirani. Hilo halikutoka kwenye gemu lolote la nje. Limetoka kwa mzee ambaye hajawahi kushika panya wa kompyuta, alikuwa ananyoosha kidole tu na kijana anabonyeza.

Naambiwa kwamba kuwapa wachezaji kitu ambacho hakijaisha ni aibu, subirini kikamilike. Wenzetu wanaoishi kwa kazi hii hawafanyi hivyo. Duka la mtandaoni la Steam lilifungua mlango wa kuuza magemu yasiyokamilika mwaka 2013, mnunuzi akijua kabisa kwamba ananunua kitu kinachojengwa bado. Gentlymad Studios, studio ndogo ya Wiesbaden nchini Ujerumani, waliweka sokoni Endzone, gemu la mji unaoanza upya baada ya mitambo ya nyuklia kulipuliwa, tarehe 2 Aprili 2020. Halikuwa limekamilika. Waliendelea kulijenga huku watu wanalicheza, wakalitangaza kuwa kamili tarehe 18 Machi 2021. Wapoland wa studio ya Mechanistry walifanya hivyohivyo na gemu lao la Timberborn kuanzia Septemba 2021. Humo binadamu wametoweka na wanyama wajengao mabwawa ndio wamerithi ardhi, na kila kiangazi mto unakauka kweli mbele ya macho yako, bwawa lako likipungua kina siku hadi siku. Hata baada ya kuanza kuuzwa waliendelea kuongeza mambo, yakiwemo maji yenye sumu ambayo ni lazima uyageuzie njia yasiingie kwenye mashamba. Nimelicheza hilo kwa mtoto wa kaka yangu. Kama fundi nasema: aliyeandika programu ya yale maji ameyaheshimu maji.

Na wasiseme wako wachache. Gemu la Banished, lililotoka Februari 2014, lilitengenezwa na mtu mmoja, Mmarekani Luke Hodorowicz. Ni mji wa watu waliofukuzwa kwao, hakuna fedha, hakuna vita, na unaweza kufa kwa sababu tu vijana hawakupata nyumba za kuanzia maisha, wazee wakafariki, na hakuna aliyebaki wa kulima. Hapa barani kwetu, studio ya Free Lives ya Cape Town walianza gemu la Terra Nil kama jaribio dogo mwaka 2019, wakaliweka bure watu walicheze, na gemu kamili likatoka Machi 2023. Unapewa jangwa, unalirudishia maji, nyasi na wanyama, kisha unabomoa mitambo yako yote na kuondoka. Limetoka katika jiji ambalo mwaka 2018 liliwawekea wakazi wake kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku na kupanga vituo vya kugawia lita 25 kama mabwawa yangekauka. Msomaji anayesema visima vya kwenye kioo havina maana, namwomba afikirie watoto wa Kongwa wakicheza mji ambao unawafundisha kuhesabu lita kabla hazijaisha.

Sasa nije kwenye kusikiliza, maana hapo naona vijana wengi wanakwama.

Mwananchi akija kuniambia "pampu imekufa", sichukui spana nikakimbia. Namuuliza: tangu lini? Mpini umekuwa mzito au mwepesi? Maji yalikata ghafla au yalipungua? Yalitoka na mchanga? Majibu hayo ndiyo yananiambia kama raba zimeisha, bomba limetoboka au maji yenyewe yameshuka. Anayecheza gemu na kusema "ni gumu" au "ni zuri" amewaambia pampu imekufa. Muulizeni: ulikuwa mwaka wa ngapi wa mji wako? Ulikuwa na watu wangapi? Ulijenga nini kabla ya hapo? Ulitegemea nini kitokee?

Mfano. Vijana wawili wa sekondari walicheza wikiendi nzima, wakasema ukame ni mkali mno, upunguzwe. Akina mama wa foleni walicheza gemu lilelile wakasema ukame ni mwepesi, uongezwe. Watengenezaji wakachanganyikiwa wamsikilize nani. Tulipokaa na wale wa sekondari tukawauliza hatua kwa hatua, ikaonekana ukali haukuwa shida yao. Waliona mji una neema, na siku ya pili kisima kitupu. Hawakuwa wamepewa dalili yoyote ya kuwaonya. Mimi kazini dalili ninayo: ni kamba yenye uzito mwishoni, ninaishusha kisimani, ninapima kutoka mdomo hadi maji, ninaandika kwenye kitabu. Basi wakaweka kamba. Mchezaji akigusa kisima, mtu anaishusha kamba yenye mafundo, akiivuta anaona ni mafundo mangapi yamelowa. Mwaka jana matano, mwaka huu manne. Ukame haukupunguzwa hata kidogo, na wale vijana walipocheza tena walisema sasa liko sawa. Kama wangetii maneno tu, wangeharibu gemu. Kama wangewapuuza, wangebaki na gemu linaloonea watu.

Kuna maoni mengine ni ya kukataa, na waliyakataa vizuri. Vijana wengi walitaka bunduki na majambazi. Mimi sina ugomvi na anayependa hayo, yako tele. Lakini gemu hili limebeba jambo lake: watu wanaoshinda njaa na kiu bila kuuana. Ukiingiza bunduki, kila mchezaji ataacha kisima atafute bunduki, kwa sababu ni rahisi zaidi. Waliotengeneza walisimama wakasema hapana, wakaeleza kwa nini. Mchezaji aliyeelezwa sababu hakasiriki kama aliyekaliwa kimya.

Jambo jingine ni namna ya kupokea maoni. Wenzetu wanapokea kwa maandishi, na wengi huandika Kiingereza. Mama lishe wetu hataandika. Mzee wetu hataandika. Lakini wote wawili wanajua kutuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na wakianza hawamalizi. Vijana wakafungua namba moja ya kupokelea sauti tu, na kijana mmoja kazi yake ikawa kuzisikiliza na kuandika muhtasari. Ujumbe mmoja wa mama lishe ulikuwa na kelele za masufuria nyuma, mara anasimama kumhudumia mteja, mara anarudi, na katikati yake ndimo lilikuwemo wazo la jiko la pamoja la kuokoa kuni, ambalo sasa ni jengo la nne unaloweza kujenga. Na toleo lenyewe wanalituma kwa flashi kwenye basi, kwa sababu bando la kupakua gemu zima huku ni fedha ya unga.

Naelewa kwamba mwishowe watataka kuuza nje. Kuingiza gemu Steam ni dola 100, na mnunuzi anayo haki ya kurudishiwa fedha yake ndani ya siku 14 kama hajacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili! Mgeni huyo akichoka, atarudisha na kuondoka bila kukuambia kilichomchosha. Ndiyo maana nasema kabla ya kwenda kwa asiyekujua, kaa kwanza na anayekujua, ambaye hataondoka mpaka amekuambia uwele haujatwangwa.

Kwako Mhariri nina ombi. Ukurasa wenu wa teknolojia unaandika bei za simu, na neno gemu likitokea humo mara nyingi ni habari za kubeti. Vijana wanaounda michezo ya kufikirisha wanawekwa kapu moja na kamari, na wazazi wanawafungia kompyuta kwa sababu hiyo. Tengeni sehemu ndogo hata mara moja kwa mwezi. Mchukue gemu moja lililotengenezwa hapa, lipewe mtu wa kazi inayohusika alicheze, kisha achapishiwe alichokiona, kizuri na kibaya. La mashamba lipewe mkulima, la hospitali lipewe muuguzi, la daladala lipewe kondakta. Hukumu ya kondakta juu ya gemu la daladala mimi ningeisoma kabla ya ukurasa wa michezo.

Na vijana wengine wenye magemu ya namna hii, karibuni Kongwa kati ya Agosti na Novemba, wakati foleni ni ndefu na watu wana muda wa kukaa. Njooni na flashi na laptopu yenye betri nzima. Msije na fulana za zawadi, njooni na daftari. Mtajibiwa kwa Kiswahili na kwa Kigogo.

Toleo lijalo la wale wa kwangu litaleta mfuko wa maji: kila kaya ya kwenye mji itachangia kidogo kwa ndoo, na fedha itatunzwa kwa ajili ya vipuri. Nimewaambia wasiandike hata mstari mmoja wa programu kabla hawajakaa na mweka hazina wetu. Yeye ndiye aliyewahi kusimama mbele ya mkutano wa kijiji mwezi wa kumi, pampu imekufa, na kitabu cha michango kiko wazi mezani.

Fundi pampu, jumuiya ya watumiaji maji,
Kongwa, Dodoma